A Ilipogeuka Ni

Kuna watu wanaogopa nyoka, na kuna wanaogopa lifti. Mimi naogopa picha isiyoeleweka. Nikioneshwa watu wasio na sura, wamesimama kwenye ukungu, kisha nikaambiwa nitunge hadithi yao, viganja vinalowa. Sikuzaliwa hivi. Woga huu niliupata kwenye ukumbi mmoja wa kukodi Mbezi Luis, siku ya usaili wa kazi, na niseme mapema kabisa kwamba kazi yenyewe sikuipata. Sasa hivi niko Tabata, nauza nyaya, soketi na balbu kwenye duka la mtu, na sina kinyongo. Nayasema haya mwanzoni kwa sababu sipendi mtu anisikilize huku akisubiri nimalizie na sherehe. Nilichoogopa kupoteza siku ile hakikuwa kazi. Niliogopa kumpoteza mama yangu, au tuseme namna mama yangu alivyokuwa akinitazama.

Mama ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Alikuja Dar kutoka Njombe akiwa msichana, na lafudhi ya kwao hajaiacha mpaka leo. Baba alifariki nikiwa sijaanza shule, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili tu. Na tangu nikiwa na miaka kumi mama ana hadithi moja anayoipenda kuliko zote, ambayo shujaa wake ni mimi. Anaisimulia kwenye jumuiya, msibani, kwa wageni ambao hata chai hawajaimaliza.

Hadithi inakwenda hivi. Jumamosi asubuhi mama alikuwa anachemsha maji ya kuoga kwa hita, ile koili inayotumbukizwa kwenye ndoo. Ndoo ilikuwa ya bati, sakafu ilikuwa imelowa, na yeye alikuwa peku. Akashika mshikio wa ndoo kabla hajachomoa hita. Umeme ukamkamata, mkono ukagoma kuachia. Mimi nikatokea mlangoni. Sikumgusa. Nikapanda kigoda, nikashusha meni swichi, ile kubwa ya nyumba nzima iliyokuwa nyuma ya mlango. Mama akaanguka chini akiwa hai.

"Miaka kumi," anasema akifika hapo, na anakiinua kiganja chake cha kulia ili mgeni alione kovu. "Mtu mzima angenirukia tukafa wote. Huyu kazima swichi." Wageni wananigeukia, wananisifia, na wakiondoka mama anawasindikiza mpaka getini akiwaambia ahsanteni kwa kuja. Mimi nabaki nakusanya vikombe.

Hadithi hiyo si ya kweli. Mlangoni nilifika kweli. Nilimkuta mama ameinama juu ya ndoo, meno yameumana, mwili mzima unatetemeka, na macho yake yamenikazia mimi. Sijawahi kuitwa na mtu kwa nguvu kama nilivyoitwa na macho yale. Kigoda kilikuwa karibu na mguu wangu. Swichi nilikuwa naijua, shuleni tulishafundishwa. Sikufanya kitu. Sikupiga kelele, sikukimbilia kwa jirani, sikunyoosha hata mkono. Nilisimama tu. Kisha friji ikanyamaza. Umeme ulikuwa umekatika, kama ulivyokuwa ukikatika siku nyingine yoyote, na mama akaanguka kwa sababu hapakuwa tena na kitu cha kumshikilia.

Hapo ndipo nilipopata miguu. Nilipanda kigoda nikashusha swichi wakati umeme wenyewe haupo, nadhani kwa kuogopa kwamba ungerudi. Halafu ndiyo nikalia. Majirani walipoingia walimkuta mama chini na mimi juu ya kigoda, mkono bado uko kwenye swichi. Mama wa nyumba ya pili akasema, "Mtoto kazima. Huyu ndo kazima." Wote wakanitazama kwa namna ambayo sikuwahi kutazamwa, nikanyamaza. Umeme uliporudi dakika chache baadaye, redio za nyumba nyingine zikaanza kuimba, friji yetu haikuunguruma, na huo ukawa ushahidi. Kwamba umeme ulikuwa umekatika, hakuna aliyeliwaza. Nani anahesabu umeme kukatika?

Mama alilazwa siku mbili. Aliporudi alikuwa ameshasimuliwa na mtaa mzima, na akanikumbatia kwa mkono mmoja, ule mwingine umefungwa bandeji. Ningeanzia wapi kumwambia?

Nilipomaliza kidato cha nne mama hakuuliza nataka kusoma nini. "Huyu na umeme wanajuana," aliwaambia watu, nikapelekwa chuo kuchukua stashahada ya umeme, mimi ambaye mpaka leo nikichomoa pasi nafumba macho. Nilifaulu vizuri. Kwenye karatasi umeme haumkamati mtu.

Kisha kampuni moja ya kuzalisha umeme, ambayo sitaitaja, ikatangaza nafasi za waangalizi wa mitambo. Ni watu wanaokaa kwenye chumba chenye skrini nyingi, na kitu kikiharibika wanatakiwa wachukue hatua ndani ya sekunde chache. Fomu ilikuwa na swali linalosema: eleza tukio moja ambalo ulichukua hatua haraka wakati wa hatari, na utaje shahidi. Nilikaa nalo siku tatu. Siku ya tatu mama akapita nyuma ya kiti changu akaona pale pako wazi.

"Si uandike ile yetu?" akasema. "Shahidi mie hapa. Weka namba yangu."

Nikamwambia nitaandika baadaye. Hakuondoka. Alisimama nyuma yangu kama anasimamia mtihani, mpaka nikaandika kwamba nilizima swichi, nikaweka na namba yake ya simu. Akaisoma yote, akanirekebishia koma moja, akaenda jikoni.

Nilipopita mchujo wa kwanza, nikaambiwa unaofuata ni mtihani wa saikolojia. Karibu na kwetu kuna braza mwenye stesheneri ambaye ameshafanya mitihani ya namna hiyo mara tatu, mara zote ameanguka, na kwa hiyo anajiona mtaalamu. Alinipa kiti ndani ya duka akanieleza. Unaoneshwa picha nusu dakika. Ikizimwa unapewa dakika nne uandike hadithi: watu hao ni nani, nini kilitangulia, nini kinatokea, mwisho wake ukoje.

"Sista, hesabu haziwezi kukukamata," aliniambia huku akimtolea mteja fotokopi. "Hadithi ndo inakukamata. Ukiandika mtu analia, wanajua we ndo unalia. Ukiandika mtu kakimbia, wanajua we ndo mkimbiaji. Sasa we usiandike mie, mie. Andika yeye. Yeye hakamatwi."

"Na mwisho?"

"Mwisho mzuri. Asife mtu. Na shujaa wako afanye kitu bwana, asisimame tu kama nguzo."

Nilicheka kwa adabu. Nilikuwa nimeingia pale nikidhani huo ni mtihani wa kutunga, na kutunga najua kuliko alivyofikiri. Sasa nikaelewa kwamba kuna watu wanaolipwa mshahara kwa ajili ya kusoma kile ambacho mtu hakutaka kukisema. Nilirudi nyumbani nikipanga. Kama picha itakuwa na mtu aliye hatarini, nitaandika hadithi ya mama, ile ile ya wageni, ila kwa yeye badala ya mimi. Nikaikariri jikoni kwa kupima muda kwenye simu. Alifika, alimwona, alipanda, alizima. Alifika, alimwona, alipanda, alizima. Mama aliyekuwa sebuleni akanisikia akasema, "Hapo sawa." Usingizi wa wiki hiyo ulikuwa wa kuokoteza.

Ukumbini tulikuwa kama watu ishirini, kila mmoja na meza yake. Msaili alikuwa mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Tulimwamkia shikamoo kwa pamoja, akaitikia marahaba moja iliyotutosha wote, kisha akasema tunaweza kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Nilichagua Kiswahili kwa sababu kalamu yangu inakwenda haraka zaidi. Laiti ningechagua kile kingine. Mapazia yakafungwa, projekta ikawashwa.

Picha ya kwanza ilikuwa ya watu karibu na kitu kama mto au barabara. Nikawafanya wanakijiji wanaojenga daraja, na daraja likakamilika. Ya pili alikuwa mtu dirishani. Nikamfanya muuguzi anayesubiri gari la dawa, na gari likafika. Nilianza kupumua. Nikasema moyoni kumbe jambo lenyewe ndiyo hili.

Ya tatu ilikuwa mlango. Ulikuwa wazi, na mtu mdogo amesimama kizingitini. Mbele yake mtu mwingine ameinama au anaanguka, na chini kuna kitu cha mviringo kama ndoo. Najua haikuwa ndoo. Dada aliyekaa nyuma yangu aliniambia baadaye kwamba yeye aliona mpira, na watoto wawili wanacheza. Lakini mimi niliona ndoo, na puani ikaniingia harufu ya maji ya moto yenye kutu. Nilijiambia usiogope, hii ndiyo uliyoikariri, imekuja yenyewe. Picha ikazimwa. Nikaandika, "Alifika mlangoni asubuhi. Alimwona mama yake ameshikwa na umeme." Sentensi hizo mbili nazikumbuka. Zilizofuata sizikumbuki, naukumbuka tu mkono wangu ukikimbia, mpaka sauti ya chini iliposema kalamu chini. Karatasi ikachukuliwa kabla sijaisoma.

Tulipewa chai na andazi tukaambiwa tusubiri, tutaitwa mmoja mmoja. Wenzangu walilinganisha hadithi zao na kucheka. Andazi langu nililifunga kwenye tishu. Nilikuwa najaribu kukumbuka kama nilifika kwenye neno alizima, na kila nikijaribu nalikuta neno hilo jikoni kwetu, sio kwenye karatasi.

Nilipoitwa, karatasi yangu ilikuwa mezani imegeuzwa upande wangu. Alikuwa ameizungushia kalamu nyekundu. Hakugusa maneno mazima, alizungushia mianzo yake tu. Kiswahili kinamweka mtendaji pale pale mwanzoni mwa kitenzi, kwa herufi moja au mbili, na tunavyosema kila siku hakuna anayezisikia. Nilizisikia siku ile. Duara la kwanza lilikuwa kwenye a ya alifika. La pili kwenye a ya alimwona. La tatu lilikuwa kwenye ni ya neno lililofuata: Nilisimama. Baada ya hapo zikaja si, moja chini ya nyingine: sikupiga kelele, sikusogea, sikuzima. Halafu umeme ulikatika. Hadithi ikaishia hapo, haina mwisho mzuri wala mbaya.

"Huyu ni," akasema, kidole kiko kwenye duara la tatu, "ni nani?"

"Nimeteleza, mama. Nilitaka kuandika a."

"Na hizi si zote umeteleza?"

Akavuta fomu yangu kutoka kwenye faili akailaza kando ya ile karatasi. Akavaa miwani, akasoma taratibu pale nilipoandika kwamba nilizima. Hakuonekana kukasirika, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Huku ulizima, huku hukuzima. Shahidi ni mzazi wako, na namba yake ninayo."

Akaweka simu yake juu ya fomu. Kichwani nilimwona mama nyumbani akiifuta mikono kwa kanga, akipokea, akisema haloo kwa sauti yake ya darasani, na mtu asiyemjua akimwuliza kama ni kweli.

"Naomba usimpigie."

"Kwa nini?"

"Atajua."

"Atajua nini?"

Nikamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza maneno yale kutoka mdomoni mwangu, na yalitoka vibaya, mwisho ukitangulia mwanzo, lakini yalitoka yote, pamoja na friji na kigoda. Hakunipa pole. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaandika kitu kifupi pembeni.

"Kila shahidi anapigiwa," akasema. "Ni utaratibu, si adhabu. Mama yako nitampigia kesho saa nne asubuhi. Atakayoyasikia kabla ya hapo, na kutoka kwa nani, si kazi yangu."

Njiani sikuona kitu. Nilikuwa napanga ujinga. Nilifikiria kumwambia mama simu yake inahitaji kutengenezwa, niiondoe nyumbani siku nzima. Nilifikiria kumpeleka asubuhi na mapema kwa shangazi Kinyerezi, ambako simu ya mama inaishiwaga chaji na mwenyewe hajali. Nilipofika alikuwa bafuni na simu yake iko juu ya meza. Niliichukua. Nikafungua mfuniko wa nyuma, kucha yangu iko kwenye laini kabisa, naisukuma itoke, nikasikia ndala nyuma yangu.

"Unatafuta nini kwenye simu yangu?"

Binti wa miaka ishirini na saba, msomi, nimekamatwa kama mwizi wa kuku. Nikairudisha laini. Nikamwambia akae. Alikaa, akauvuta ungo wa mchele magotini kwa sababu yeye hawezi kukaa mikono mitupu, nami nikamwambia kila kitu nikiwa nimesimama, huku nikiangalia vidole vyake vikitenga mawe na mchele. Havikusimama hata mara moja.

"Kwa hiyo hukuzima," akasema.

"Sikuzima."

"Ulisimama."

"Nilisimama, mama. Nilikuona na nikasimama."

Akapepeta mchele, akainuka, akaenda kuuosha. Tulikula wali na maharage bila maneno, akaniuliza tu kama chumvi inatosha. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio na kwa matusi, lakini ukimya ule sikuwa nimejiandaa nao. Miaka yote niliogopa kwamba siku akijua ataacha kunitazama, na kweli jioni ile hakunitazama. Alikitazama kiganja chake. Usiku wake nauruka, hauna la kusimulia.

Saa nne kamili simu ikaita. Mama aliiweka spika, kama anavyofanya siku zote, kwa sababu anaamini sikio halipaswi kukaribia simu. Sauti ya chini ya msaili ikaingia sebuleni kwetu, ikamsalimia, ikajitambulisha, ikauliza mwanao alifanya nini siku ile. Mimi nilikuwa mlangoni. Sikujua kwamba nimesimama mlangoni mpaka niliposhika fremu.

"Kwanza nisahihishe," mama akasema. "Aliyoandika kwenye fomu, mie ndo nilimwambia aandike."

"Sawa, mwalimu. Na wewe unakumbuka nini?"

Mama akasema, taratibu, kwa sauti ya mtu anayesoma imla ili watoto waandike bila kuachwa:

"Nilikuwa nimeshika ndoo. Mkono hauachii, mdomo haufunguki. Lakini macho yanaona. Nikamwona mlangoni. Nikajua huyu atakuja, maana huyu mtoto hata nikijikwaa alikuwaga wa kwanza kunirukia. Hatukuwa na mtu mwingine mle ndani. Nikawa namwangalia namwambia usije. Usije, mwanangu, baki hapo hapo. Sina sauti, namwambia kwa macho. Hakuja."

"Na swichi?"

"Swichi niliambiwa na majirani, mie sikuiona. Jana kaniambia umeme ulikatika. Basi ulikatika."

"Kwa hiyo alisimama tu."

"Alisimama," mama akasema. "Andika hivyo."

Msaili akashukuru, simu ikakatwa. Mama akaiweka mezani kifudifudi. Ndipo aliponigeukia, na macho yalikuwa yale yale, yamenikazia mimi pale mlangoni, na kwa mara nyingine nikashindwa kusogea.

"Ulidhani nakuita?"

"Ndiyo."

"Miaka yote hii?"

"Ndiyo, mama."

Akainuka, akaja yeye. Akanishika mkono kwa kile kiganja chenye kovu, na akaniambia kwa sauti ile ile anayowaagia wageni getini.

"Ahsante kwa kutokuja."